Mgonjwa wetu yuko ukingoni na sikukuu iko mlangoni

Barua za mwezi huu karibu zote zinaelekea upande mmoja. Nyumbani kuna mgonjwa ambaye madaktari wameshasema hakuna tiba tena ya kumponya, na mbele kuna sikukuu pamoja na wageni wake, safari zake na kliniki zitakazofungwa. Tumechagua tisa. Vipimo vya dawa tunavyotaja ni vya kuwasaidia kuelewa mnachoelekezwa na wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeweza kuponywa. Mgonjwa wenu ana karatasi yake ya dawa, na hiyo ndiyo ya kufuata.

Swali: Shikamooni. Kliniki inayomhudumia baba itafungwa siku tano. Anatumia mofini ya maji. Nijiandae na nini? – Binti mkubwa

Jibu: Marahaba, binti. Anza leo, wiki ya sikukuu yenyewe isikukute hujafanya lolote. Shika karatasi ya dawa, hesabu kila dawa iliyobaki, kisha uone inatosha siku ngapi. Lenga siku zote za kufungwa na nyingine saba juu yake, maana baada ya sikukuu foleni huwa ndefu na dawa zinazodhibitiwa kisheria hazitolewi bila cheti kipya cha daktari.

Kwenye mofini ndipo hesabu huwapotea wengi. Mofini ya maji ya kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, yaani mara 6 kwa siku. Kando yake kuna dozi ya ziada, ya kutuliza maumivu yanayochomoza kabla ya saa kufika, ambayo mara nyingi huwa sehemu moja ya sita ya jumla ya siku nzima. Tuseme baba anakunywa miligramu 10 kila saa 4. Kwa siku ni 60, na dozi yake ya ziada ni 10. Akihitaji dozi za ziada tatu kwa siku, anatumia 90. Kwa siku 12 hizo ni miligramu 1,080, wakati aliyehesabu dozi za saa peke yake atakuwa amechukua 720, na chupa itakauka siku ya nane. Siku hiyo foleni ya baada ya sikukuu bado ni ndefu.

Halafu soma chupa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: ipo yenye miligramu 1 katika kila mililita, na ipo yenye miligramu 10 katika kila mililita. Kwa macho ni maji tu. Miligramu 10 ni mililita 10 za chupa ya kwanza, lakini ni mililita 1 tu ya chupa ya pili. Ukilazimika kuchukua dawa mahali pengine kwa sababu pale pa kawaida pamefungwa, na mkono umeshazoea kuvuta mililita 10, utampa mgonjwa mara kumi ya dozi yake. Kila chupa mpya ikifika, ibandike karatasi yenye maandishi makubwa: dozi ni mililita ngapi za chupa hii. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Dawa ya kulainisha choo iende sambamba na mofini kila siku, hata kama jana alipata choo. Mwili huzoea usingizi wa mofini na huzoea kichefuchefu chake, lakini kufunga choo hauzoei. Zikipita siku tatu bila choo, piga simu. Na kuna mtego hapa: choo kigumu kikiziba, majimaji hupenya pembeni na kuchafua nepi, familia ikadhani anahara, ikasimamisha dawa ya kulainisha. Hapo mambo huharibika zaidi.

Muulize daktari swali hili kabla hajaondoka likizo: “Baba akishindwa kumeza, tutampa nini na kwa njia gani?” Siku za mwisho kumeza hukoma, wakati mwingine kwa usiku mmoja. Kwa kawaida huandaliwa dawa za aina nne zikae nyumbani mapema: mofini ya maumivu na ya pumzi kubana, midazolamu ya kutotulia, haloperidoli ya kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na haiosini ya makohozi yanayokoroma kooni. Huchomwa chini ya ngozi, na baadhi ya dawa zinaweza kutiwa ndani ya shavu au njia ya haja kubwa. Jueni mapema nani atachoma, na sindano zenyewe zipo.

La mwisho ni namba ya simu ya usiku na ya siku za kufungwa. Usiipokee tu ukaiandika. Ipige siku ya kawaida, saa nne usiku, uone kama kuna mtu anapokea.

Swali: Mama anasema anataka kuiona sikukuu. Zimebaki wiki tatu. Watu wanatuambia atajikaza mpaka siku hiyo. Tuwaamini? – Kitindamimba

Jibu: Tunaelewa kwa nini mnataka kuamini. Ila msiiwekee dhamana. Mwaka 2004 ulichapishwa uchambuzi wa vifo zaidi ya 300,000 vya saratani vilivyotokea jimbo la Ohio, Marekani. Watafiti walilinganisha vifo vya wiki iliyotangulia Krismasi, Sikukuu ya Shukrani na siku ya kuzaliwa ya marehemu na vifo vya wiki iliyofuata. Hawakuona dalili kwamba watu walikuwa wakiahirisha kifo mpaka siku yao ipite.

Kinachosema ukweli zaidi ni kasi ya mabadiliko. Mama akiwa anabadilika mwezi kwa mwezi, mara nyingi imebaki miezi. Akibadilika wiki kwa wiki, ni wiki. Siku kwa siku, ni siku. Saa kwa saa, ni saa. Hakuna anayeweza kutaja tarehe, lakini kipimo hiki wauguzi wa wagonjwa mahututi hukitumia kila siku. Pia badilisheni mnavyomuuliza daktari. “Ana muda gani?” humfanya akwepe. Ulizeni: “Utashangaa akiondoka kabla ya sikukuu?” Jibu la hapo huwa la moja kwa moja.

Kama hatashangaa, ileteni sikukuu kwa mama. Jumamosi hii inafaa. Chagueni saa ambayo huwa macho zaidi, ambayo kwa wagonjwa wengi ni asubuhi akishasafishwa na kupumzika. Mpeni dozi ya ziada nusu saa kabla kama kukaa kunamuumiza. Mwulizeni anataka mambo gani, akitaja matatu fanyeni hayo matatu. Nusu saa inatosha. Picha zipigwe mwanzoni, kabla uso haujachoka, na mtu mmoja arekodi sauti yake kwa simu. Siku yenyewe ikifika na mama angali nanyi, fanyeni tena.

Walio mbali waambieni bila kuzunguka: “Ukitaka kuzungumza naye akiwa anajibu, njoo wiki hii. Ukisubiri tarehe ya tiketi, unaweza kumkuta amelala.” Kuna watu wamekuja na tiketi ya tarehe iliyopangwa miezi minne nyuma kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwa maneno kama hayo.

Swali: Nyumba itakuwa na watu kumi na tano. Kila anayefika anataka kukaa na baba mkwe, wengine wanaangua kilio palepale. Nitawazuiaje bila kuonekana nawafukuza? – Mkaza mwana

Jibu: Kwanza, usizuie wewe. Neno la mkaza mwana mlangoni huzaa maneno. Atafutwe mtoto wa nyumba, au mdogo wa mzee mwenyewe, awe mlinzi wa mlango kwa zamu. Aseme: “Mzee kachoka kidogo, karibu huku ukae, nitakuita.” Na kweli aite.

Chumbani acha viti viwili tu. Watu hukaa palipo na kiti; kikiwepo cha tatu, mtu wa tatu atakikalia na mazungumzo yatahamia kwao wenyewe huku mzee katikati akiwa kama fanicha. Viti viwe ubavuni usawa wa macho yake, visiwe miguuni ambako itambidi ainue shingo. Watu wawili, dakika kumi. Televisheni ya chumbani izimwe. Sauti za watoto wakicheza mbali mara nyingi humfurahisha mgonjwa. Zinazomchosha ni sauti za karibu zinazopandana. Lakini mwulize yeye.

Pikeni mbali naye. Harufu ya mafuta ya kukaanga na manukato makali humtia mgonjwa kichefuchefu kabla hata hajajua ni nini, na siku ya sikukuu vyote viwili vipo. Mwenye kikohozi au homa asalimie kutoka mlangoni.

Kilio si kosa. Mgeni akilia, amshike mkono alie. Kisichofaa ni kujadili mazishi, mirathi na madeni juu ya kitanda cha mtu aliyefumba macho, maana wengi wanasikia. Mzee akikunja uso, akigeukia ukutani, au pumzi ikianza kwenda mbio, muda umekwisha hata kama ni dakika ya tatu.

Anayeuliza “nisaidie nini?” mpe kazi yenye jina: fua mashuka haya mawili, kaa naye kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Watu husema “mkihitaji chochote semeni” kwa nia njema, lakini muuguzaji aliyechoka hana nguvu za kuanza kufikiria aombe nini.

Swali: Mke wangu hali tena. Nikimlazimisha vijiko viwili anapaliwa. Wageni watakuja waseme namwacha afe na njaa. – Mume wake

Jibu: Pole sana, kaka. Kumlisha umpendaye ni kazi ya kwanza ya mapenzi, na kuambiwa uiache huuma kuliko kazi yote ya kuuguza. Mwili unaozima hauwezi tena kukitumia chakula, ndiyo maana umeacha kukiomba. Njaa unayoihofia wewe, yeye kwa kawaida haisikii. Ukimlazimisha, chakula hukaa tumboni, hutapikwa, au huingia kwenye mapafu, na huko kupaliwa unakokuona ndiko mlango wake.

Akitaka mwenyewe, mpe hivi. Mwinue akae angalau nusu ya kuketi. Kidevu kielekee kifuani, kisinyanyuke juu. Nusu kijiko cha chai. Tazama koo lipande na kushuka, mwambie ameze tena mara ya pili, angalia mashavuni kama hakuna kilichobaki, ndipo umpe kingine. Akimaliza akae hivyo hivyo nusu saa. Acha mara moja akikohoa, sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, au akishikilia chakula shavuni. Akifunga midomo, amekujibu.

Mikono yako ihamie kwenye kinywa chake, maana huko ndiko kiu iliko. Kinywa kikikauka, ulimi hugandamana na kaakaa, na hapo anateseka kweli hata akiwa na dripu mkononi. Yeyusha nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Chovya mswaki laini wa mtoto, ukung'ute mpaka usidondoshe tone. Usitumie kidole, hata kilichozungushiwa kitambaa, kwa sababu mgonjwa aliyelala fofofo huuma bila kujua. Safisha ndani ya mashavu, fizi, kaakaa, kisha ulimi kuanzia katikati kuja mbele. Ukienda nyuma sana atatapika. Maliza kwa kupaka midomo mafuta. Kama yuko kwenye oksijeni, mafuta ya mgando ya petroli yanaweza kuwaka moto, basi omba ya maji. Akiwa macho fanya kila baada ya saa mbili, na akiwa amelala tu na anapumulia mdomo, kila saa. Dawa za kusukutua zenye spiriti na pamba za limau hukausha zaidi. Ukiona utando mweupe ambao ukifutwa unatoa damu, huo ni fangasi na una dawa.

Kinywaji alichokipenda chovya kwenye mswaki huohuo, umguse nacho midomo. Onjo hilo ni lake, na halimpalii.

Wageni wakisema, waambie: “Daktari ametuonyesha namna ya kumtunza sasa. Karibu unisaidie kumlowesha midomo.” Wengi watanyamaza na kushika mswaki.

Swali: Kaka yetu anayeishi nje ya nchi anafika keshokutwa. Kwa simu ameshaagiza mama apelekwe hospitali awekewe dripu, na mofini ikome kwa kuwa ndiyo inayomlaza. – Dada wawili

Jibu: Ninyi mmeshuka ngazi hii hatua kwa hatua, yeye ataruka zote kwa siku moja. Mama aliye kichwani mwake bado anatembea. Mtumieni picha ya leo na maelezo ya kweli kabla hajapanda ndege. Akifika, saa ya kwanza iwe yake na mama, peke yao, bila kikao. Mabishano mengi hupoa hapo. Baadaye daktari au muuguzi azungumze naye moja kwa moja, maana maneno yaleyale yakitoka kwenu yatasikika kama mmekata tamaa.

Kuhusu dripu: moyo na figo vikishachoka, maji yanayotiwa hayana pa kwenda. Hujaa miguuni, hujaa mapafuni, na kukoroma kooni huongezeka. Kuna wakati dripu ina sababu, kama mgonjwa kachanganyikiwa kwa kupungukiwa maji ghafla na hali hiyo inaweza kurekebishika. Basi mwulizeni daktari: inatibu tatizo gani, tutajuaje ndani ya siku mbili kwamba inasaidia, na tutaitoa lini?

Mofini hulaza siku mbili tatu za mwanzo, au dozi inapopandishwa, kisha mtu huamka. Usingizi mzito wa siku za mwisho huletwa na ugonjwa. Ikizidi ina dalili zake: mgonjwa haamshiki, pumzi ziko chini ya 8 kwa dakika, misuli inaruka-ruka. Figo zikidhoofika dawa hujilimbikiza, na hapo daktari hupunguza au kubadilisha. Pigeni simu. Ikikatishwa ghafla, maumivu hurudi yote pamoja na jasho, tumbo kusokota na mwili kutotulia. Kwa hiyo chupa isifichwe na mtu yeyote, hata kwa nia njema.

Anayeamua ni mama, akiweza. Asipoweza, ni yule aliyemtaja mwenyewe. Kwenye kikao ulizaneni mama angesema nini. Mkianza kuulizana kila mmoja anataka nini, mtakesha.

Swali: Usiku niko peke yangu, mgongo umekwisha. Wanasema nimgeuze bibi kila saa mbili. Ni lazima? – Mjukuu

Jibu: Kila saa mbili ni kwa godoro la kawaida. Akiwa na godoro la hewa, au sponji nzuri ya wagonjwa, wauguzi huweza kukuruhusu kila baada ya saa nne. Katika saa za mwisho kabisa raha yake ndiyo huamua.

Mgongo wako unaumia kwa kuinua. Usiinue. Kunja shuka katikati, litandike kwa upana chini ya bibi kutoka mabegani hadi mapajani, libaki hapo muda wote. Kama kugeuzwa kunamuuma, dozi ya ziada nusu saa kabla. Simama upande unaotaka ageukie. Kunja goti lake la mbali, mkono wake wa mbali uuweke kifuani, shika shuka karibu na bega na nyonga, umvute kuja kwako kwa pamoja. Kitanda kikiwa chini, weka goti lako moja juu ya godoro. Ukimburuta ngozi huchanika, hasa makalioni.

Usimlaze ubavu kamili juu ya mfupa wa nyonga. Mto nyuma ya mgongo, aegemee kidogo tu kama nyuzi 30. Mto mwingine kati ya magoti. Wa tatu chini ya mashavu ya miguu kwa urefu, visigino vining'inie: pitisha kiganja chini ya kisigino, kikipita bila kugusa umepatia. Ukimgeuza kagua visigino, mfupa wa makalio, nyonga, viwiko na masikio. Bonyeza palipobadilika rangi. Pasipopauka ukibonyeza, kidonda kimeshaanza ndani. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani vizuri, tafuta palipo peusi kuliko jirani yake, pa moto au pagumu. Usipasugue. Ondoa uzito hapo.

Wageni wa sikukuu ni mikono. Gawa usiku vipande viwili, saa nne hadi saa nane na saa nane hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ila mikono ikiwa mingi kuna hatari moja: shangazi anatoa dozi, dakika ishirini baadaye mjomba naye anatoa ileile kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Daftari moja lifungwe kwa kamba kwenye kitanda. Saa, dawa, mililita, jina la aliyetoa, upande aliolazwa, mkojo, choo. Kisichoandikwa hakitolewi mpaka aulizwe aliyekuwepo.

Swali: Tangu juzi usiku baba anavuta mashuka, anataka kushuka kitandani, anaita watu waliokwisha kufa. – Mwanawe

Jibu: Anza na kibofu. Kama hajakojoa kwa saa nane na chini ya kitovu pamekaza, mkojo umeziba. Kama ana mpira wa mkojo, tazama haujakunjika chini ya paja. Kisha choo, maumivu, homa, dawa mpya, na kama alikuwa mvutaji au mnywaji aliyeacha ghafla. Mpigie muuguzi ukiwa na majibu hayo mkononi. Wakati mnasubiri, taa hafifu, mtu mmoja, sauti moja, bila kubishana naye. Asifungwe kamba. Kuzungumza na marehemu peke yake ni jambo la kawaida kwa wanaokaribia kufa, na kama halimtishi halihitaji dawa.

Swali: Watoto wa miaka 5 na 9 waingie kumwona babu? – Mama yao

Jibu: Waulize. Atakayekataa asisukumwe. Atakayekubali aambiwe kwanza atakachokiona: babu amekonda, ana mpira puani, anapumua kwa sauti na huenda asijibu. Aingie na mtu mzima aliye tayari kutoka naye dakika yoyote. Tumieni neno “anakufa”. Mtoto akiambiwa babu analala au anasafiri, ataanza kuogopa kulala, au kuogopa kila mzazi anapobeba begi.

Swali: Tutajuaje kwamba saa imefika? Na akifariki siku ya sikukuu yenyewe tuanze na nini? – Ndugu wanne

Jibu: Mikono na miguu hupoa, magoti na nyayo huwa na mabaka. Mkojo hupungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi. Macho hubaki nusu wazi. Pumzi hubadilika: huenda haraka, hupungua, husimama sekunde kumi, ishirini, thelathini, kisha hurudi. Makohozi yanaweza kukoroma kooni. Sauti hiyo huwatesa walio chumbani kuliko mgonjwa, ambaye kwa wakati huo hana fahamu za kuisikia kero. Mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo, na haiosini itumike kama mmepewa. Msiingize mpira wa kunyonya makohozi kooni.

Endeleeni kuzungumza naye. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa waliokuwa saa za mwisho na hawaitiki tena, wakakuta ubongo wa baadhi yao ungali unaitikia sauti. Mtajie jina lako kwanza, halafu useme. Na mjue kwamba wengi huondoka pale aliyekesha anapotoka kwenda msalani. Huyo aliyekesha hakumwacha mgonjwa wake.

Akishatulia na kifua kisiinuke kwa dakika tano nzima, tazameni saa, andikeni. Baada ya hapo hakuna haraka. Kama kifo kilitarajiwa na iko karatasi ya daktari kwamba asifufuliwe, msikimbilie gari la wagonjwa. Wahudumu wake wasipoiona karatasi hiyo wanaweza kulazimika kumkandamiza kifua. Pigeni ile namba mliyoijaribu. Kabla ya sikukuu mwe mmeshauliza nani huthibitisha kifo siku ya kufungwa, mochari inapokea saa ngapi, na mwili unaruhusiwa kukaa nyumbani kwa muda gani.

Mwili huanza kukakamaa kati ya saa mbili na sita, kwa hiyo saa ya kwanza mlazeni chali, mto mmoja, mikono na miguu imenyooka. Meno ya bandia yarudishwe. Shikilieni kope zake taratibu nusu dakika, zitafumba. Taulo lililoviringishwa likae chini ya kidevu. Mkimgeuza anaweza kutoa sauti kama ya kuguna. Ni hewa inayotoka mapafuni, msishtuke. Wekeni nepi safi, maana kibofu hulegea. Mipira na sindano za dawa ziachwe mpaka daktari aseme. Mofini iliyobaki ihesabiwe na watu wawili, iandikwe kwenye daftari, ifungiwe kwa ufunguo palepale, kwani nyumba ina watoto wengi siku hizo. Irudishwe ilikotoka kliniki ikifunguliwa.

Kupeana habari, gawaneni orodha ya simu ili mmoja asitamke maneno yaleyale mara ishirini. Ndugu aliye barabarani akiendesha gari asiambiwe kwenye simu. Mpigieni aliyekaa naye. Kama yuko peke yake, mwambieni atafute mahali salama asimame kwanza, kisha awapigie yeye.